UMECHOKA KUISHI? ELIA NAYE ALICHOKA!

Rafiki kijana, usiitupe karatasi hii. Isome kwanza, ni dakika tano tu.

Hivi umewahi kumtania mwenzako, "Wewe wa kupelekwa Mirembe!"? Sote tumesema. Kijiweni, stendi, shuleni. Mtu akiongea peke yake, Mirembe. Akivaa ndala mbili tofauti, Mirembe. Tunacheka, tunaendelea na mambo yetu.

Mimi niliacha kucheka siku jambo hilo lilipoingia nyumbani kwetu.

MDOGO WANGU

Kwetu ni kijiji kimoja kando ya barabara ya Singida kwenda Manyoni. Mdogo wangu alikuwa na miaka 16, kidato cha pili, kijana mpole na hodari wa hesabu. Alianza kwa kukosa usingizi. Baadaye akakataa ugali wa mama, akidai umetiwa sumu. Usiku akawa anajibizana na watu ambao sisi hatuwaoni. Asubuhi moja tukamkuta juu ya majabali, hana shati, upepo unampiga, analia kwamba wanamwita aruke.

Majirani wakasema amerogwa. Wengine wakasema ni bangi. Mimi, kwa kuwa nilikuwa nimeokoka, nikasema ni pepo.

Tulifanya nini? Tulimfunga kamba mguuni, kwenye nguzo ya nyumba. Naandika neno hili kwa aibu. Wiki tatu alikaa pale. Nilisimama juu yake nikikemea mpaka sauti ikakauka, lakini sikumwuliza hata siku moja, "Mdogo wangu, unasikia nini? Unaogopa nini?"

Soma Marko sura ya 5. Yule mtu wa makaburini watu wa kwao walimfunga minyororo mara nyingi, na minyororo haikumponya. Yesu alipofika hakuanza na kamba. Alimwuliza jina lake! Na mwisho wa habari ile ni nini? Mtu ameketi, amevaa nguo, akili zimemrudia, naye anatumwa arudi nyumbani kwa watu wake. Bwana asifiwe! Yesu hakumponya ili abaki makaburini.

SAFARI YA DODOMA

Aliyetuokoa ni muuguzi wa zahanati. Alipita nyumbani akaona ile kamba. Akamwambia mama, "Mama, huyu mtoto anaumwa. Mfungueni." Hakutufokea. Tukaenda hospitali ya mkoa pale Singida mjini, wakatupa barua, tukapanda basi. Zaidi ya kilomita 200 hadi Dodoma, mimi nimemshika mkono njia nzima.

Mirembe ipo tangu miaka ya 1920, nami nilidhani nitakuta watu wa ajabu. Nikakuta wagonjwa. Nikakuta mwanafunzi mwingine wa sekondari, na baba yake amekaa nje na kikapu kama mimi.

Walimpima kwanza, maana malaria inayopanda kichwani, kifafa na hata bangi vinaweza kumvuruga mtu akili. Wakauliza maswali mengi: alianza lini, analalaje, kwenye ukoo yupo aliyewahi kuumwa hivi? Wakampa dawa. Akalala! Mtoto ambaye hakuwa amelala usingizi wa maana kwa mwezi mzima, alilala. Alipoamka akala uji. Kesho yake vilevile. Siku zilivyokwenda akaanza kuzungumza na daktari, akaanza kuoga mwenyewe, akaanza kufagia uwanja pamoja na wenzake. Wiki ya tano akaniuliza, "Kaka, mama hajambo?" Nikatoka nje nikalia.

Wiki tano, rafiki yangu. Haikuwa kifungo cha maisha.

CHINI YA MRETEMU

Usiku ule nilifungua 1 Wafalme 19. Elia, nabii aliyeshusha moto mlimani Karmeli, anamkimbia Yezebeli. Anamwacha mtumishi wake, anaingia jangwani peke yake, anakaa chini ya mretemu na kumwomba Mungu afe. Nabii! Mtu wa maombi! Amechoka kuishi.

Sasa angalia Mungu alivyofanya. Je, alimgombeza kwamba hana imani? Hapana. Alimwacha alale. Akatuma malaika na mkate uliookwa juu ya makaa, na gudulia la maji. Elia akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, akamlisha tena, kwa sababu safari ilikuwa kubwa kuliko nguvu zake. Mahubiri hayakuwapo bado. Ni usingizi, mkate, maji, na mtu wa kukaa naye karibu. Ile sauti ndogo ya utulivu ilikuja baadaye, huko Horebu, baada ya siku 40 za kutembea.

Na Mungu hakumwacha Elia chini ya mti. Alimrudisha kazini, tena akampa Elisha wa kufuatana naye.

Kijana, wodi ile ilikuwa mretemu wa mdogo wangu. Mretemu ni mahali pa kupumzika, ule, upate nguvu, uinuke uende.

KOSA LANGU LA PILI

Tulirudi nyumbani na vidonge na tarehe ya kliniki. Mwezi wa tatu kijana mzima, anacheka, anachunga mbuzi. Mimi nikajaa bidii. Nikamwambia, "Umeshapona kwa jina la Yesu, vidonge vya nini? Tupa!" Akanitii, maana mimi ni kaka yake. Haikuchukua muda. Usingizi ukakatika, zile sauti zikarudi. Basi lilelile, Dodoma ileile.

Daktari hakunicheka. Aliniambia, "Kijana, omba. Lakini dawa yake usiiguse. Atapunguziwa na sisi, kidogokidogo, wakati ukifika."

Nikakumbuka mfalme Hezekia. Alikuwa mgonjwa wa kufa, akaomba, na Isaya akaletewa neno kwamba atapona. Neno limetoka! Lakini ni Isaya huyohuyo aliyeagiza tini zibandikwe juu ya jipu. Nabii hakuona kwamba dawa inamwibia Mungu utukufu. Mimi nilikuwa nani?

Na usidhani hospitali za namna hii ni adui wa Injili. Lutindi, kule Korogwe mkoani Tanga, ilianzishwa na wamisionari mwaka 1896 iwe makao ya watoto waliookolewa utumwani. Baadaye ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili, na hadi leo iko chini ya Kanisa la Kilutheri. Kabla babu zetu wengi hawajazaliwa, watu waliomwomba Mungu walikuwa wanatandika vitanda vya wagonjwa hao.

SASA NI WEWE

Shirika la Afya Duniani linasema nusu ya magonjwa ya akili huanza kabla mtu hajafika miaka 18. Maana yake ni umri wako, darasa lako, kijiwe chako. Labda ni wewe unayesoma hapa.

Hulali? Unasikia sauti? Umeacha kujali kitu chochote? Unawaza kufa? USIKAE PEKE YAKO. Kosa la Elia lilikuwa kumwacha mtumishi wake nyuma. Mwambie mtu leo, kabla jua halijazama: mama, shangazi, mwalimu, mchungaji. Ukiona hakusikii, mwambie mwingine. Nenda zahanati au kituo cha afya, useme wazi, "Kichwa changu hakiko sawa." Si aibu. Wakikuandikia barua ya hospitali ya mkoa, nenda. Wakisema ulazwe wiki kadhaa, kubali. Hela ikikosekana, uliza ofisi ya ustawi wa jamii palepale hospitalini.

Na kama ni ndugu yako anayeumwa, mfungue kamba. Mwulize jina lake. Ficha panga, kamba na sumu ya shambani, umsindikize, ushinde naye. Akirudi, usimwite chizi. Wala usimtupie vidonge vyake.

Mdogo wangu leo analima alizeti. Dawa anakunywa, kanisani anaimba. Mimi niliyemfunga, ndiye aliyeniambia, "Kaka, nilishakusamehe, andika watu wasome."

Yesu aliyemtafuta mtu makaburini anakutafuta na wewe. Hakuogopi. Kama unataka, sema naye sasa hivi, kwa maneno haya au kwa yako:

"Bwana Yesu, nimechoka. Nimejificha vya kutosha. Nisamehe dhambi zangu, uingie moyoni mwangu. Nipe usingizi, nipe mkate, nipe mtu wa kutembea naye. Nipe ujasiri wa kusema ninaumwa. Safari ni ndefu, lakini nitainuka. Amina."

Umeomba? Haleluya! Sasa inuka, ukamwambie mtu.

Ukiisha kusoma, mpe mwenzako.