Je, Ni Haki Kumwambia Mwenzako "Vumilia"?



Kuna neno moja ambalo hapa Likasi tunalitumia kila siku kama chumvi katika sombe. Neno hilo ni "vumilia". Baba ameachishwa kazi, tunamwambia: vumilia. Mama amefiwa na mtoto, tunamwambia: vumilia. Kijana anarudi kutoka machimbo mikono mitupu, tunamwambia tena: vumilia. Siku moja, baada ya maombi, tulimsikia ndugu akimfariji mwenzake hivi: "Ngamia anakaa jangwani bila maji, wala halalamiki. Wewe unalalamika nini?" Yule mwenzake alinyamaza, akachukua Biblia yake, akaenda zake. Hatukumwona tena katika ibada kwa majuma mengi.

Jambo hilo lilitusumbua. Tulijiuliza: ni haki kumwambia mwenye shida avumilie? Na huyo ngamia, je, anavumilia bure kama tunavyosema? Basi leo tuwatazame wanyama wa jangwani wenyewe, kwa maana Mungu amewaumba nao, na kazi ya mikono yake haisemi uongo.

Sisi watu wa Katanga hatukai jangwani. Kiangazi chetu ni kirefu, tangu mwezi wa tano mpaka wa tisa, na vumbi jekundu linaingia hata ndani ya sufuria. Lakini mvua hurudi. Kwa watu wanaosema Kiswahili, jangwa linalojulikana ni Chalbi, kule Marsabit, kaskazini ya Kenya. Ni uwanja mpana wenye chumvi na mawe, na jua lake ni kali sana. Huko wanakaa Wagabra na Warendile pamoja na ngamia wao.

Tuanze na huyo ngamia. Watu wengi wanafikiri kwamba nundu yake ni tangi la maji. Sivyo. Nundu ni mafuta, ni akiba ya chakula aliyoiweka siku za majani mengi. Zikija siku mbaya, mwili wake unakula akiba hiyo, na nundu inapungua, inalegea. Tena Mungu amempa mwili ambao hauharakishi kutoa jasho: akiwa na kiu, joto la mwili wake linaweza kushuka hadi nyuzi 34 usiku na kupanda hadi 41 mchana, naye haugui. Anaweza kupoteza maji yapatayo robo ya uzito wake na bado akasimama. Mtu akipoteza nusu ya kiasi hicho katika joto, yuko mlangoni pa kifo. Lakini siku ya kufika kisimani, ngamia hunywa zaidi ya lita 100 kwa dakika chache tu. Nani anamtekea? Ni wachungaji. Wanashuka katika kisima kirefu, wanasimama mmoja juu ya mwingine, wanapokezana ndoo mkono kwa mkono mpaka maji yafike juu.

Mnaona, wapendwa? Ngamia havumilii bure. Anavumilia kwa akiba aliyoipata, kwa mwili aliopewa, na kwa mikono ya watu wanaomtekea. Mwondolee nundu, mfungie kisima, uone kama atavumilia. Basi mtu aliyekosa mshahara mwezi baada ya mwezi, aliyekwisha kuuza redio, baiskeli na kitanda, huyo nundu yake imekwisha. Kumwambia awe kama ngamia ni kumdhihaki, hata kama tunasema kwa sauti ya upole.

Mnyama wa pili ni fuko. Fuko wa kwetu mnamjua, tunamlaani anapokula mihogo shambani. Katika nchi kavu za Kenya ya kaskazini, Somalia na Ethiopia, kuna jamaa yake asiye na manyoya, ngozi yake ina mikunjo, macho yake karibu hayaoni. Hanywi maji. Maji yake yote yanatoka katika viazi vikubwa vya porini vilivyo chini ya ardhi. Peke yake asingeishi, maana kuchimba udongo mkavu kutafuta kiazi ni kazi ya kuua mtu. Kwa hiyo wanakaa pamoja, mara nyingi 70 au 80 katika shimo moja, na mara nyingine karibu 300. Mmoja akigundua kiazi, anarudi huku akilia njiani ili wenzake wamfuate. Tena wakila, hawakimalizi. Wanakula nyama ya ndani na kuliacha ganda, na kiazi kinaendelea kuishi na kuota, wakile tena siku nyingine.

Hilo ni fundisho zuri: aliyeona chakula aite wengine, na anayekula leo akumbuke kesho. Lakini tusifanye haraka kumsifu fuko. Ana jambo lingine. Kila shimo lina harufu yake na namna yake ya kulia. Katika mwaka 2021 wataalamu walitangaza kwamba sauti za shimo moja zinatofautiana na za shimo lingine, kama vile watu wanavyotofautiana katika matamshi. Fuko mgeni akiingia, wanamtambua, na mara nyingi wanamshambulia mpaka afe. Wema wao unaishia mlangoni mwa shimo lao.

Hapo sisi wa Likasi tuinamishe vichwa. Katika miaka ya 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai, majirani zetu, wengine wamezaliwa hapa na wazazi wao wamezaliwa hapa, walifukuzwa katika nyumba zao. Maelfu walilala kwenye stesheni, juani na mvuani, wiki na miezi, wakingojea gari la moshi la kuwapeleka nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Watoto walikufa pale. Watu walipimwa kwa jina na kwa namna ya kutamka neno. Tuliokuwa watu wazima wakati ule tunakumbuka. Wengine wetu tulipita kando tukasema kwa midomo, "Poleni, vumilieni," kisha tukarudi nyumbani kula bukari. Na wengine, wachache, walikwenda usiku na bidoni ya maji kichwani, huku wakiogopa kuonekana. Nani kati ya hao alikuwa amesali siku ile?

Mnyama wa tatu ni ndege. Anaitwa firigogo, anafanana na njiwa, rangi yake ni ya mchanga. Anataga chini, mahali pakavu, mbali na maji, na vifaranga vyake havijui kuruka. Je, watakunywa nini? Baba yao anaruka asubuhi, pengine kilomita 20 au 30, mpaka penye maji. Anaingia, anatikisa kifua na tumbo, manyoya yake yanashika maji kama sponji. Kisha anaruka na mzigo ule mpaka kwa watoto, anasimama wima, nao wananyonya maji kutoka manyoya yake. Mwingereza mmoja, Meade-Waldo, alieleza jambo hili mwaka 1896, na wengi hawakumsadiki. Ni mwaka 1967 tu, baada ya wataalamu kuwachunguza ndege hao katika Kalahari, ndipo ilipothibitishwa. Mzigo wenyewe ni mdogo, kama vijiko vichache vya maji, na sehemu yake inakauka njiani. Lakini kinachobaki kinatosha kumwokoa kifaranga.

Firigogo hamwambii mtoto wake avumilie. Anamletea maji, na kwa maji hayo mtoto anavumilia mpaka kesho.

Hata hivyo firigogo anawabebea watoto wake tu. Mwanadamu anadaiwa zaidi. Kumbukeni njaa ya siku za nabii Eliya. Aliyemlisha hakuwa mtu wa taifa lake. Alikuwa mjane wa Sarepta, mgeni, aliyebaki na unga wa mlo mmoja. Na baadaye, Eliya alipochoka jangwani akaomba afe, malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji kwanza, akamwacha alale, akampa tena. Ndipo akamwambia habari ya safari.

Basi jibu letu ni hili. Uvumilivu ni jambo jema, nasi hatuufuti. Mtu anaweza kujiambia mwenyewe "nitavumilia", na hiyo ni imani. Lakini kumwambia mwingine neno hilo ni deni. Ukilitamka, umekubali kubeba sehemu ya maji yake. Kama huna unga, una saa moja ya kukaa naye. Kama huna fedha, una miguu ya kumsindikiza mgonjwa wake. Kama huna kitu chochote, nyamaza pamoja naye. Kunyamaza pia ni bora kuliko kumdhihaki.

Yule ndugu aliyetoka na Biblia yake amerudi katika ibada. Si mahubiri yetu yaliyomrudisha. Mama mmoja jirani yake, asiye wa kabila lake, alikuwa akimpelekea bakuli la unga kila Jumamosi, naye hakumwambia neno lolote juu ya ngamia.

Kiangazi kinapokuja, wapendwa, kila mmoja wetu atazame nyumba ya kuume na nyumba ya kushoto. Amani iwe nanyi.