Asiyekuwepo, je, na lake halipo?

Kuna methali ambayo wazee wanapenda kuitaja penye baraza na penye kugawanya mali: Asiyekuwepo na lake halipo. Maana yake ni wazi. Mtu asiyefika asilalamike kesho kwamba hawakumwekea sehemu yake. Methali hiyo ni nzuri kwa kuwaonya wavivu. Lakini kama mtu hakufika kwa sababu mlango umefungwa, na si yeye aliyeufunga, nani atalinda lililo lake? Ulizo hilo lilitupata sisi wenyewe tulipokuwa tunafundisha watoto, nasi hatukulijibu vizuri mara ya kwanza. Ndiyo maana tunataka kulitazama leo pamoja nanyi.

I. Mwaka wa milango iliyofungwa

Mnakumbuka mwaka 2020. Tarehe 10 mwezi wa tatu serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona katika Kinshasa. Tarehe 18 Prezidenti wa Jamhuri alisema na taifa lote, na kesho yake shule na makanisa ya Kongo yakafungwa. Hatukuwa peke yetu. Katika dunia nzima watoto na vijana zaidi ya milioni elfu moja walibaki nyumbani.

Sisi watu wa mashariki tulidhani tumekwisha kuzoea mambo ya magonjwa. Ebola ilikuwa Beni na Butembo tangu mwaka 2018, nayo iliua watu zaidi ya 2,200 kabla ya kwisha mwezi wa sita 2020. Tulijua kunawa mikono, tulijua kusalimiana bila kushikana. Lakini hata wakati wa Ebola shule nyingi ziliendelea: ndoo ya maji ilikaa mlangoni, watoto wakanawa, wakaingia. Korona ilitunyima hata kuingia. Wanafunzi wa madarasa ya mwisho waliitwa tena mwezi wa nane, na wengine wakangoja mpaka tarehe 12 mwezi wa kumi. Kisha, tarehe 18 mwezi wa kumi na mbili, milango ilifungwa mara ya pili mpaka mwezi wa pili 2021.

Wakati ule tulikuwa tunafundisha dini katika darasa la 7 na la 8, watoto wa miaka 12 mpaka 14 hivi. Wazazi wanaujua umri huo. Mtoto si mdogo tena wa kuongozwa kwa mkono, wala si mkubwa wa kujiongoza. Anachowasikia wenzake wakisema kina uzito kuliko maneno ya baba yake. Mtoto kama huyo ukimtenga na wenzake, humwondolei masomo tu. Unamwondolea kioo anachojitazamia ili ajue yeye ni nani.

II. Majibu mawili ya haraka

Siku zile watu walikuwa na majibu mawili. Wengine walisema: "Shule imekufa. Shule ni nyumba, ni kengele, ni ubao na jicho la mwalimu. Fimbo ya mbali haiui nyoka." Wakawatuma watoto sokoni na mashambani, na wengine kwenye machimbo, kana kwamba mambo yamekwisha.

Wengine walisema kinyume: "Shule haina shida. Shule ni masomo, na masomo yanaweza kupita hewani." Na kweli yalipita. Redio Okapi ilitoa masomo yaliyoitwa Okapi École. Hata kabla ya hapo, katika Sierra Leone, Ebola ilipofunga shule mwaka 2014, serikali iliwafundisha watoto kwa redio. Wenye simu nzuri walipokea mazoezi kwa simu.

Tuyapime majibu hayo mawili.

Katika seminari tulisoma mafundisho ya Aristoteli juu ya maadili, ambayo Mtakatifu Toma wa Akwino aliyaeleza baadaye. Mwanafilosofia huyo aliuliza: marafiki wakitengwa na umbali, je, urafiki wao umekwisha? Alijibu kwa kupambanua. Umbali hauvunji urafiki wenyewe, unazuia tu matendo yake. Mtu aliyelala usingizi bado ni rafiki yako, ingawa saa ile hakutendei lolote. Lakini akaongeza onyo: umbali ukidumu sana, huleta usahaulifu, na usahaulifu unaweza kuua urafiki wenyewe.

Basi waliosema shule imekufa walikosa. Walimwona aliyelala wakamchimbia kaburi. Umoja wa darasa ulikuwa usingizini, nao ungeweza kuamshwa. Adui wake alikuwa usahaulifu kuliko umbali.

Na waliosema shule haina shida? Hao walikosa kwa namna nyingine, nasi tulikuwa kati yao.

III. Kosa letu

Tulikusanya namba za simu za wazazi. Kila siku ya kwanza ya juma tulituma somo fupi la Injili na ulizo moja. Majibu yalikuja, mengine mazuri sana. Watoto walitaniana, walisalimiana, waliombeana wagonjwa. Tulifurahi, tukamwambia padri: "Darasa letu liko pamoja."

Juma la tano tulikutana sokoni na mtoto mmoja wa darasa la 8, amebeba makala kichwani. Alishusha mzigo wake, akatusalimu kwa heshima, kisha akauliza kwa sauti ndogo: "Mwalimu, ni kweli mulinifuta?"

Hatukuelewa. Akaeleza kwamba alisikia wenzake wanaandika kazi ya shule, naye hakuitwa. Baba yake hakuwa amemaliza minervali. Basi alifikiri jina lake limeondolewa, akanyamaza kwa haya, akaanza kuuza makala.

Hatukuwa tumemfuta. Tulikuwa tumefanya jambo baya kuliko hilo, maana anayefuta jina amelisoma kwanza. Sisi hatukuwa tumeona kwamba hayuko. Jioni tulifungua kitabu cha majina. Majina yalikuwa 43. Waliokuwa wakiitika katika simu ni 16. Majuma matano tulikuwa tumewaita watu 16 kwa jina la "darasa".

Ndugu wasomaji, mtu anayefunga kuni kumi na kuacha ishirini njiani asiseme amefunga mzigo. Tena kuna jambo chungu zaidi. Kama tusingefanya lolote, mtoto yule angejua shule imefungwa kwa wote, naye angengoja na wote. Sisi tulipowaunganisha wachache, tulimtoa yeye nje. Furaha ya wale 16 ndiyo iliyomwambia kwamba yeye si wa kwetu.

Hapo tulianza kuelewa mfano wa kondoo aliyepotea, ambao tulikuwa tumeufundisha mara nyingi. Bwana Wetu Yezu Kristu hasemi kwamba kondoo yule alilia. Pengine alikuwa mbali mno kusikika. Mchungaji alijuaje basi kwamba amepotea? Tunaona njia moja tu: alihesabu. Asiyehesabu angelala usingizi mzuri pamoja na wale 99, akisema, "Zizi langu liko pamoja."

Redio inasema na wote, lakini haimsikii yeyote. Simu inamsikia mwenye simu. Umoja wa watu unahitaji kitu ambacho vyombo hivyo havina, yaani mtu anayeuliza: "Nani hakuitika?"

IV. Njia ya shirika

Tulifanya nini? Hatukubuni kitu kipya. Sisi makatekista tunajua kwamba katika vijiji vingi vya Kongo padri hakufika ila mara chache kwa mwaka, na Wakristu hawakutawanyika. Maaskofu wa Kongo walipokutana mwaka 1961 walitaka Eklezia ijengwe juu ya jumuiya ndogo zenye uzima. Huku kwetu tunaziita mashirika. Katika kanisa la watu elfu, mtu anaweza kukosekana mwezi mzima bila kujulikana. Katika shirika la nyumba kumi na tano, jioni ile ile mama mmoja atauliza: "Fulani yuko wapi?"

Tuligawanya majina yote 43 kufuata mitaa. Mtoto mwenye simu nyumbani alipewa wenzake wawili wasio na simu. Aliandika ulizo kwa mkono kwenye karatasi, akaipeleka mpaka kwao, akasimama uani, kitambaa usoni, bila kuingia. Siku ya posho, yaani Jumamosi, karatasi zenye majibu zilirudi kwa kiongozi wa shirika, nasi tulizipitia huko. Kwa kila karatasi isiyorudi, mtu alikwenda kuuliza habari. Habari yenyewe ilikuwa somo: huyu ana homa ya malaria, huyu amefiwa na nyanya yake, huyu hana kalamu.

Hatutawadanganya kwamba tuliwapata wote. Msichana mmoja alikuwa amepelekwa kwa mjomba wake mbali. Masomo yalipoanza tena hakurudi. Alikuwa amekwisha kuwa mama. Karatasi yetu haikufika kwake, na kama tungehesabu juma la kwanza badala ya juma la tano, labda ingefika. Jambo hilo tunalibeba.

Tena tulijifunza kwamba mwanafunzi si yeye pekee anayeweza kusahauliwa. Walimu wengi wa sekondari wanaishi kwa fungu wanalolipa wazazi. Shule ilipofungwa, wazazi wengi walisema: "Hakuna masomo, hakuna malipo." Tunaelewa, maana nao hawakuwa na kazi. Lakini mwalimu alibaki na njaa, na watu wachache waliuliza habari zake. Naye hakuwepo, na lake halikuwepo. Kifungo kinashika pande mbili. Mzazi anayetaka mtoto wake akumbukwe, amkumbuke mwalimu wa mtoto, hata kwa kikapu cha viazi.

V. Je, karatasi inatosha?

Mtu atauliza: kama karatasi ilishika darasa, kwa nini tujenge shule? Tumjibu kwa mfano wa Mtakatifu Paulo. Alifukuzwa Tesalonika, akatengwa na Wakristu wake wachanga. Alitaka kurudi zaidi ya mara moja, akazuiwa. Ndipo alipomtuma Timoteo akawaone, na aliporudi na habari njema, Paulo akawaandikia. Lakini katika barua yenyewe anasema kwamba anaomba usiku na mchana awaone uso kwa uso. Barua ilikuwa mtumishi wa kukutana. Mtumishi mwema hajifanyi bwana wa nyumba.

Na sababu yake ni hii: mtu si roho inayoelea. Mtu ni roho na mwili pamoja. Mungu mwenyewe, alipotaka kuwa karibu nasi, hakutosheka kututumia maneno kwa vinywa vya manabii. Neno alitwaa mwili, akakaa kwetu. Tarehe 27 mwezi wa tatu 2020 Papa Fransisko alisimama karibu peke yake katika uwanja mtupu wa Mtakatifu Petro, mvua ikinyesha, akaibariki dunia. Mamilioni walimwona kwa mbali, wakafarijika. Lakini hakuna Mkristu aliyesema, "Sasa imetosha, tusirudi kanisani." Makanisa ya Kongo yalipofunguliwa tena katikati ya mwezi wa nane, tuliona wazee wakipapasa mabenchi kwa mikono yao kama mtu anayemtambua ndugu gizani.

Basi tuseme hivi. Karatasi, redio na simu zinatunza kiti cha asiyekuwepo ili asikute mtu amekikalia. Hazikai juu yake kwa niaba yake.

VI. Tufanye nini?

Mambo hayo si habari ya zamani tu. Mwanzoni mwa mwaka 2025 vita ilifunga tena shule nyingi za Kivu, katika Goma, Bukavu na vijiji vingi, na watoto wengi walitawanyika na wazazi wao. Milango inaweza kufungwa wakati wowote. Tusingoje juma la tano.

Mwalimu, uwe na majina yote ya watoto wako nyumbani kwako, na mitaa yao, na jina la jirani anayewajua. Kila juma uyasome, ukianza na wale walionyamaza. Mzazi mwenye simu, usiione kuwa mali ya mtoto wako pekee. Jirani yake anasoma darasa moja naye. Kiongozi wa shirika, unapouliza habari za wagonjwa, uliza pia habari za wanafunzi. Nanyi watoto, mwenzenu akikosekana siku tatu, msiseme si kazi yenu. Ninyi ndio mnaoijua njia ya kwao.

Yule mtoto wa makala alirudi mwezi wa kumi. Tulipofungua kitabu na kuita majina, tulifika kwenye jina lake, naye akaitika kwa nguvu kuliko wote, hata wenzake wakacheka. Hatukumkanya.

Methali ya wazee ibaki barazani kwa wavivu. Lakini kwa mtoto aliyefungiwa mlango, Wakristu hatuna ruhusa ya kuitumia. Asiyekuwepo, lake liko mikononi mwetu, na Mungu atatuuliza.