Utulivu wa Mbwa wa Mwindaji

Je, kiumbe aliyefunzwa kwa kamba asitende alitakalo aweza kusifiwa kwa utulivu? Swali hili hudhaniwa kuwa la wanafalsafa peke yao, lakini mfunza mbwa wa kuwindia ndege hukutana nalo kila siku.

Katika Uingereza yuko mbwa aitwaye pointa. Anusapo kwale majanini husimama ghafula, pua yake ikielekea aliko ndege. Charles Darwin, katika kitabu chake juu ya asili ya viumbe, aliandika, kama wengi walivyodhani, kuwa yamkini kusimama huko ni kule kutua kwa mnyama ajitayarishaye kurukia windo, kulikozidishwa. Basi mwanzo wa utulivu ni tabia ya asili. Ukamilifu wake ni mafunzo. Ndege huruka, bunduki hulia, kwale huanguka, na mbwa hana budi kukaa pale pale mpaka aamriwe. Ndipo aendapo kumwokota na kumleta mkononi mwa bwana wake bila kumtafuna. Njaa humwambia ale, naye hurudisha amana.

Wako wafunzao jambo hili kwa kumbana mbwa sikio, wakamwachia ashikapo kitu kinywani. Wako watumiao kamba ndefu, neno moja, na marudio mengi. Mtu aweza kusema kuwa kamba nayo ni nguvu. Ni kweli, lakini kamba humzuia mbwa bila kumtesa, hata mazoea yakachukua mahali pake. Tena zuio hili lina faida kwake mwenyewe: mbwa amfukuzaye ndege arukaye chini huweza kupigwa na marisau.

Lakini liko jambo zito zaidi. Mbwa akivunja utulivu akamkimbilia ndege, mfunzaji mwema hapigi bunduki. Huacha nyama iende zake, asije akaulipa utovu wa utii. Kumbe anayejaribiwa kwanza ni mwenye bunduki! Kidole chake nacho chataka, naye hukizuia, hali hana kamba shingoni wala bwana nyuma yake.

Hapo naliona jibu. Utulivu wa mbwa ni mazoea mema, na sifa yake yamrudia aliyemlea. Utulivu ustahilio kuitwa wema ni ule wa mwalimu, kwa kuwa yeye aliweza kufyatua, akajua sababu ya kutofyatua. Sisi tutakao watoto na wanafunzi wetu wajizuie, yafaa tujiulize kwanza ni windo gani tulilokubali kulikosa kwa ajili yao.