Macho Mekundu ya Bibi

Katika filamu zetu za kutisha, mchawi hahitaji kutambulishwa. Kaniki nyeusi, mvi zilizotimka, macho mekundu: kibanda umiza kizima kinaguna kabla hajafungua mdomo. Ni mbinu ya bei nafuu, na yeyote kati yetu tunaotunga hadithi anaweza kuiokota bila kufikiri. Ila kwa mtu wa Bariadi, macho hayo yana kesi yake.

Usukumani kuni ni adimu. Itilima, Meatu na kwingineko mkoani Simiyu, akina bibi wengi wamepikia kinyesi kikavu cha ng'ombe na miti ya pamba iliyobaki shambani, jikoni moshi hauna pa kutokea. Ukiupuliza moto huo tangu usichana hadi uzee, macho yatakuwa mekundu tu. Kila mtu kijijini analijua hilo, maana ugali wa jiko hilo ndio uliomkuza. Hata hivyo mtoto akifariki, jamaa wakaenda kupiga ramli, mganga hataji jina. Anasema: ni mama mzee, anakaa jirani, macho yake mekundu. Nani asiye na jirani wa namna hiyo? Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kiliripoti watu 765 waliouawa nchini mwaka 2013 kwa tuhuma za uchawi. 505 walikuwa wanawake.

Dalili huonekana mapema. Watoto wanakatazwa kula kwa bibi. Anayemtekea maji haji tena. Mazungumzo yanakatika akipita. Halafu ndugu aliyekuwa akigombea shamba lake anaanza, ghafla, kuyasemasema macho yake. Hiyo ya shamba, ndugu zangu, tuisikie kwa masikio mawili. Mara nyingi ndiyo tunayoipuuza, kwa sababu ugomvi wa mipaka tumeuzoea.

Sisemi filamu ndizo zilizonoa mapanga. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani baada ya watuhumiwa kufa mikononi mwa vyombo vya dola, katika msako uliofuata mauaji ya kishirikina Mwanza na Shinyanga. Simiyu ilikuwa haijawa mkoa, na Bongo Movie haijazaliwa. Lakini tazama filamu inavyofanya kazi: inatoa sura bila jina, kisha mtazamaji anarudi nyumbani na kumtafuta mwenye sura hiyo. Hiyo ni ramli.

Na hofu haidai kaniki. Mussa Banzi alipotengeneza Shumileta, jini wake alikuja kama mwanamke mrembo, na watu waliogopa vilevile. Basi mwandishi mwenzangu, kabla hujamwambia fundi wa vipodozi ayapake macho ya bibi wekundu, jiulize nani katika hadithi yako anafaidika bibi akiondoka. Mvalishe huyo shati jeupe lililopigwa pasi, mpe kiti cha mbele msibani, kisha acha kamera imkazie macho.