Kutajwa na Kufaa



Kijana wetu akimaliza shahada ya uzamivu katika elimu ya vinasaba vya mimea, huku ughaibuni swali la kazi humfuata upesi: makala zako zimenukuliwa mara ngapi? Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch wa California alipendekeza kipimo kinachojibu kwa tarakimu moja. Mwenye makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 20, kipimo chake ni 20. Wazazi nyumbani hawakijui kipimo hiki, lakini riziki ya mtoto wao yaweza kutegemea tarakimu hiyo. Je, ni haki kumpima mtu hivyo?

Mimi ni mhandisi, na kazi yangu ni vipimo. Geji ya presha husema kweli kuhusu bomba lililofungwa nayo. Haijui kama maji yamefika jikoni. Hali kadhalika, hesabu ya kunukuliwa hutuambia waandishi wangapi wamekutaja. Asiyeandika hahesabiwi, hata kama anakula matunda ya kazi yako kila siku.

Chukueni mfano wa Amani, katika milima ya Usambara. Mwaka 1936 H. H. Storey, aliyefanya utafiti huko, alieleza ugonjwa wa muhogo wa michirizi ya kahawia, ambao huweza kuozesha mihogo ardhini huku shina likiwa limesimama. R. F. W. Nichols, na baadaye D. L. Jennings, waliuchanganya muhogo na mti wa mpira ulio wa ukoo wake, ule ambao watu wa pwani huchuma majani yake kwa kisamvu cha mpira. Walirudia kizazi baada ya kizazi, hadi miaka ya 1950 kazi ilipokoma.

Aina moja iliyotoka humo ilipewa namba tu, 46106/27. Kenya ikajulikana kwa jina la Kaleso. Kusini mwa Tanzania, Namikonga. Wakulima walipeana pingili, jirani kwa jirani, bila kumjua Nichols wala kuandika mstari mmoja. Miongo mingi baadaye wataalamu wa vinasaba walithibitisha kwamba Kaleso na Namikonga ni mmea mmoja, na wazalishaji wa mbegu wakaurudia kutafuta kinga dhidi ya ugonjwa ule ule. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta vipande vya vinasaba vya mti wa mpira ndani ya mihogo iliyoboreshwa barani Afrika.

Sasa tujiulize: mkulima aliyeitunza Namikonga alilipa deni lake kwa watu wa Amani? Naona kwamba alilipa nusu. Kazi yao aliihifadhi, jina lao hakulihifadhi. Nusu ya pili ililipwa na waandishi, na wala tusiidharau: bila kumbukumbu za Amani, wa mwaka 2016 wasingejua vipande vile vilitoka wapi. Aliyekosa malipo yote ni mkulima mwenyewe. Miaka yote ile alikuwa mtunza mbegu, na hakuna jarida linalomhesabu.

Kwa hiyo sisemi tarakimu itupwe. Nasema isiachwe iamue peke yake. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Na mtafiti anayesifiwa kwa idadi atajifunza kuikata kazi moja kuwa makala tano, na kuukimbia muhogo kwa sababu wanaoutegemea zaidi hawaandiki majarida.

Wazazi, mtoto akileta tarakimu yake, mpongezeni, maana ameitolea jasho. Kisha mwulizeni swali ambalo kamati haitamwuliza: kazi yako ikikoma leo, nani atakosa chakula, dawa au maarifa? Akiwa na jibu, hata la shamba moja la Mtwara, msimwache aone haya kwa udogo wa namba yake.