Bingwa Aliyegeuka Tajiri wa Ulingo

Usiku wa Jumamosi, katika mitaa ya Sumbawanga, vijana hukusanyika katika vibanda vya video, vile waviitavyo wenyewe vibanda umiza, kutazama mapambano ya masumbwi. Hatuwalaumu. Tangu tarehe 8 Septemba 2018, Hassan Mwakinyo wa Tanga alipomshinda Mwingereza Sam Eggington katika raundi ya pili mjini Birmingham, kijana wa Kitanzania amepata sababu ya kuamini kwamba mikono yake miwili yaweza kumvusha bahari. Na akisha kuamini hivyo, siku moja atamwambia baba yake kwamba ataka kushuka Dar es Salaam kujifunza ngumi za kulipwa. Baba atamwuliza: utakuwa chini ya nani? Jibu limtulizalo baba upesi kuliko majibu mengine yote ni hili: "Baba, yule mzee alikuwa bingwa. Naye alipigwa. Anajua."

Jibu hilo twataka kulipima leo, maana ni jibu zito na lina ukweli ndani yake, walakini halitoshi.

Mabingwa waliostaafu wakawa waandaaji wa mapambano wako wengi duniani. Aliye mashuhuri kuwapita wengi ni Oscar De La Hoya. Alizaliwa mwaka 1973 huko Los Angeles, Marekani, katika jamaa yenye asili ya Meksiko, ambamo babu na baba walikuwa wapiga ngumi kabla yake. Mama yake, Cecilia, alifariki kwa saratani mwaka 1990. Miaka miwili baadaye kijana akaitimiza ahadi aliyompa mama, akatwaa medali ya dhahabu katika michezo ya Olimpiki ya Barcelona. Kisha akapigana kwa malipo, akawa bingwa wa dunia katika madaraja sita ya uzito. Mapambano yake yaliandaliwa na kampuni ya Top Rank ya Bob Arum. Mnamo mwaka 2000 hakuridhika tena, akaenda mahakamani kuomba afunguliwe mkataba, naye akafunguliwa. Mwaka 2002 akaanzisha kampuni yake mwenyewe, akaiita Golden Boy Promotions, kwa lile jina la sifa alilopewa ulingoni.

Mwanzo wake ulikuwa wa kupendeza. Mwezi Septemba 2004 Bernard Hopkins alimwangusha De La Hoya kwa ngumi moja ya ini katika raundi ya tisa. Baadaye yule aliyemwangusha akawa mbia wake katika kampuni. Watu waliopigana wakakaa meza moja kuyatengeneza mambo ya wapiganaji: ni nani asiyefurahi kusikia hayo? Tarehe 5 Mei 2007 De La Hoya alipambana na Floyd Mayweather, naye wakati huohuo alikuwa mpiganaji na mwenye kampuni iliyoliandaa pambano. Alishindwa kwa pointi, lakini fedha za usiku ule zilipita mikononi mwake, si mikononi mwa mtu mwingine. Mwaka 2009 akatangaza kustaafu. Tangu siku ile hapigwi tena. Kazi iliyobaki ni kuwapiganisha wengine.

Hapo ndipo swali letu linapozaliwa. Yatupasa kwanza tuielewe kazi yenyewe, maana wengi huchanganya promota na meneja. Promota hukodi ukumbi, huuza tiketi, huuza haki za televisheni, hutafuta wafadhili, kisha huwalipa mabondia. Kinachobaki ni chake. Meneja humsimamia bondia mmoja, naye hupata sehemu ya malipo ya bondia huyo. Basi meneja hupata zaidi bondia apatapo zaidi. Promota sivyo. Kila shilingi iongezwayo katika mfuko wa bondia imetoka katika mfuko wa promota. Hiyo si dhambi ya promota, ni umbo la kazi yake, kama vile mwuzaji na mnunuzi wa maharage hawawezi kupenda bei ile ile. Lakini ni jambo la kukumbukwa na kila amwitaye promota "baba yetu".

Wamarekani waliliona hilo, wakatunga sheria mwaka 2000, wakaipa jina la Muhammad Ali. Sheria ile humtaka promota amweleze bondia fedha alizozipata kutokana na pambano lake, na hukataza mtu mmoja awe promota na meneja wa bondia katika mapambano makubwa. Ndani yake mna ruhusa moja ndogo: bondia aweza kuwa promota wake mwenyewe. Ruhusa hiyo ni ya haki kabisa, kwa kuwa mtu hawezi kujificha hesabu mwenyewe. Lakini jasho lenyewe likiisha kuwa la mtu mwingine, yule bingwa amehama upande wa meza, hata kama uso wake bado una makovu yale yale.

Sisi wa Ufipa hatuna haja ya kwenda Los Angeles kulijua jambo hili. Mkulima wa Laela au wa Matai aijua lumbesa, gunia lile la mahindi livikwalo kilemba hata likapita kilo 100 za sheria, likalipwa bei ya gunia moja. Ameliuza miaka mingi huku akiumia moyoni. Tuseme basi kwamba Mungu amemjalia, amepata mtaji, amenunua gari, naye sasa apita vijijini kununua mahindi ya wenzake. Je, atakikata kile kilemba? Wako wanaokikata, na twawajua, nao huheshimiwa mpaka kaburini. Lakini wako pia ambao, kwa kuwa mikono yao wenyewe ilishindilia magunia kwa miaka kumi, wajua kuliko mgeni yeyote mahali ambapo gunia bado lina nafasi ya debe moja.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, wasema wazee. Ni kweli, aijua. Swali ni kwamba atafanya nini na ujuzi huo. Mateso humfundisha mtu mahali panapouma. Hayamwambii kama apapake dawa au apabonyeze. Na liko jambo la hatari zaidi, ambalo wazazi na waalimu, na hata sisi mapadre, twalijua katika nafsi zetu: mtu aliyeteswa huja kuyahesabu mateso yake kama karo aliyoilipa, naye huona ni haki wale wanaomfuata walipe karo hiyo hiyo. "Mimi nililala sakafuni, nawe lala. Mimi nilipigana kwa nauli ya basi, nawe pigana." Yule mtumishi wa Injili aliyesamehewa deni kubwa, kisha akamkaba mwenzake kwa deni dogo, hakuwa mtu mgeni asiyejua madeni.

Turudi kwa De La Hoya, tusije tukamwonea. Kampuni yake imewapatia watu fedha ambazo mabondia wa zamani hawakuziota. Mwaka 2018 Saúl Álvarez, Mmeksiko waitwaye "Canelo", alipata kwa mkono wa kampuni hiyo mkataba wa mapambano 11 na kampuni ya matangazo ya DAZN, wenye thamani isiyopungua dola milioni 365. Mwenye kumwita De La Hoya mnyonyaji ayameze kwanza maneno yake mbele ya tarakimu hiyo. Hata hivyo mwezi Septemba 2020 Álvarez aliwashtaki wote wawili, DAZN na Golden Boy, akidai kwamba mkataba haukutimizwa. Mwezi Novemba akaachiliwa aende zake. Ni nani aliyekuwa na haki, hatusemi. Twasema tu kwamba mtu aliyekwenda mahakamani mwaka 2000 kumtoroka promota wake, ndiye aliyeshtakiwa miaka ishirini baadaye na bondia aliyetaka kumtoroka yeye. Meza ilikuwa ile ile, na viti vilikuwa vile vile. Waliobadilika ni waketi. Na ile sheria ya Ali, iliyotungwa kwa ajili ya mpiganaji, Golden Boy yenyewe iliishika mwaka 2015 kama silaha ya kumshtaki mshindani wake wa biashara, Al Haymon, ikidai dola milioni 300. Mwaka 2017 jaji akaamua kwamba dai halikuthibitishwa.

Watu watasema: bondia ni mtu mzima, ametaka mwenyewe, ametia sahihi. Tumkumbuke jirani yetu Robert Wangila wa Kenya, aliyetwaa medali ya dhahabu mjini Seoul mwaka 1988, akauvika utukufu upande huu wote wa Afrika. Mwezi Julai 1994, mjini Las Vegas, mwamuzi alilisimamisha pambano lake katika raundi ya tisa. Wangila alilalamika, alitaka kuendelea. Baada ya muda mfupi akazimia, na baada ya siku mbili akafa. Basi utashi wa mpiganaji ulingoni si kipimo cha kutosha. Ndiyo maana anahitaji mtu wa pembeni atakayesema "basi" wakati yeye asemapo "bado", na mtu huyo asiwe yule apatae hasara pambano likikatizwa. Bingwa mstaafu ayajua macho ya mtu aliyeisha, tena huyajua kabla ya daktari kuyaona. Siku ambayo televisheni imelipia raundi kumi na mbili, je, atayatazama macho yale, au atatazama saa?

Wako Wakatoliki waonao kwamba swali letu ni dogo mno, kwa kuwa biashara yenyewe yote ni haramu. Mwaka 2005 gazeti la Wajesuiti la Roma, La Civiltà Cattolica, liliihukumu ngumi ya kulipwa kuwa ni jaribio la kuua lililopewa ruhusa ya sheria. Ni hukumu nzito, nasi hatuipuuzi, kwa kuwa katika mchezo huu kumzimisha mwenzako si ajali, ni ushindi. Lakini kijana wa Namanyere hangoji mabishano ya wanateolojia yaishe; basi la alfajiri linaondoka, naye amekwisha funga begi lake.

Kwa hiyo baba yake asiulize tu kama tajiri huyo alikuwa bingwa. Aulize mkataba ni wa miaka mingapi, na ni nani awezaye kuuvunja. Aulize kama kijana ataonyeshwa hesabu ya fedha za matangazo, au ataambiwa tu kwamba mwaka huu mambo yalikuwa magumu. Aulize ni nani mwenye kitambaa cha kurusha ulingoni, na kama mtu huyo analipwa na promota. Aulize bili ya hospitali ya Jumapili asubuhi ni ya nani, si ya Jumamosi usiku tu wakati kamera zingalipo. Kamisheni ya Kusimamia Ngumi za Kulipwa Tanzania ipo. Aulize kama pambano limeandikishwa huko. Na karatasi yenyewe aombe ilale nyumbani walau siku mbili, isomwe na mwalimu au katekista, pole pole, kwa sauti, mama naye akiwapo. Akijibiwa kwamba hakuna nafasi, kwamba bingwa ana haraka, na ajibu kwa adabu kwamba De La Hoya, pamoja na ubingwa wake wote, alihitaji jaji ili kutoka katika karatasi aliyokwisha kuitia sahihi.