Triga ya Kwenye Kopo

Kila mwezi wa kumi karakana ninayofanyia kazi hapa Pennsylvania hujaa bunduki za watu wanaojiandaa kuwinda kulungu. Mimi ni fundi vyuma. Kazi nilijifunzia gereji Tanga, bunduki nimeziingia ukubwani, na mpaka leo mama yangu hapendi kusikia habari zake.

Mwaka huu alikuja mama mmoja na bunduki ndani ya mfuko, na mkononi kopo la kahawa. Akaviweka vyote mezani akasema, "Nataka irudi kama baba alivyoinunua."

Bunduki ni Remington 700 ya mashoto. Ni bunduki ya komeo, ile ambayo kila risasi unaisukuma ndani na ganda lake kulivuta nje kwa mkono wako mwenyewe. Bunduki nyingi za aina hiyo mpini wa komeo uko kulia, kwa hiyo mashoto inambidi apitishe mkono juu ya bunduki kila akitaka kupiga tena. Hii mpini wake uko kushoto, na kifungo cha usalama pia. Ndani ya kopo, kwenye kitambaa chenye mafuta, mlikuwa na triga iliyotoka nayo kiwandani. Baba yake, ambaye sasa ni marehemu, aliitoa miaka mingi iliyopita akaweka ya kampuni nyingine. Kwa nini, binti hajui. Anachojua ni kwamba hiyo ya kwenye kopo ndiyo iliyokuwemo siku alipofundishwa kulenga, akiwa na miaka 12. Sasa mwanawe ana miaka 14, ni mashoto kama babu, na anataka kumpa bunduki ya babu ikiwa kamili, ya asili.

Kazi yenyewe si kubwa. Unatoa pini mbili, unahangaika na kile kibati kinachozuia komeo lisichomoke, pamoja na springi yake ndogo inayopenda kurukia chini ya meza, halafu unarudishia. Nikamwambia aje kesho yake. Alipoondoka nikaifungua triga ya zamani, nikakaa nayo hadi jioni.

Triga hiyo iliundwa na Mike Walker, mhandisi wa Remington. Ilianza kuwekwa kwenye bunduki za kampuni hiyo mwaka 1948, na modeli 700 ilipotoka 1962 ikawa nayo. Wawindaji waliipenda kwa sababu haisuasui chini ya kidole. Inakatika mara moja, kama unavunja njiti ya kiberiti. Siri yake ni kibati chembamba kinachokaa kati ya triga na chuma kinachozuia pini isigonge risasi. Kibati hicho hakikufungwa kwa skrubu, kinashikiliwa na springi tu. Ukifyatua kinaachana kidogo na triga, kisha kinarudi. Sasa uchafu au mafuta yaliyoganda yakikizuia kurudi, hata kwa upana wa unywele, chuma kile kinabaki kimeegemea ukingoni. Kwa nje huoni kitu. Hapo ndipo watu waliokwenda mahakamani waliposema bunduki inaweza kulia yenyewe bila kidole kugusa triga.

Mwaka 2000, jimbo la Montana, mtoto wa miaka 9 alikufa familia yake ikitoka kuwinda. Mama yake aliondoa kifungo cha usalama ili atoe risasi, maana bunduki hizo za kabla ya 1982 komeo lake halifunguki mpaka kifungo kiondolewe. Bunduki ikalia. Mtoto alikuwa upande wa pili wa tela la farasi. Mama alisema hakugusa triga. Kampuni ilishikilia miaka yote kwamba triga ile ni salama, na hata ilipokubali kubadilisha triga za mamilioni ya bunduki bure, katika makubaliano yaliyoidhinishwa na mahakama 2017, haikukiri kosa. Lakini nyaraka za mahakamani zinaonyesha kwamba Walker mwenyewe alishapendekeza kizuizi cha ziada tangu 1948. Gharama ilikadiriwa kuwa senti 5.5 kwa bunduki moja. Hakikuwekwa.

Basi niliisafisha ile triga, nikaifunga kwa majaribio, bila risasi. Nikavuta komeo mara mia. Nikagonga kitako kwa nyundo ya mpira, nikaweka na kuondoa kifungo mpaka kidole kikauma. Haikukosea hata mara moja. Nakiri kwamba hilo lilinikera. Ingekosea mara moja tu ningekuwa na la kusema. Nikaitoa, nikairudisha kwenye kopo.

Usiku nikampigia mama Tanga. Baada ya shikamoo na habari za jua na mvua nikamweleza.

"Mwanangu, umeambiwa rudisha, rudisha. Mali si yako."

"Na mtoto je, mama?"

Akanyamaza kidogo. "Mtoto naye si wako. Lakini mwambie mamaye kila kitu, asije akasema fundi alijua akanyamaza."

Huyu mama yangu ndiye aliyeniona nikifungwa mkono na bibi. Mimi pia ni mashoto. Wakati wa kula bibi alikuwa akinifunga mkono wa kushoto kwa kipande cha kanga, nisije nikauingiza kwenye sahani ya watu. Shuleni haikuwa kanga, ilikuwa fimbo ya vidole. Leo naandika kwa kulia, mwandiko wa kuku, ila tupa na bisibisi nashika kwa kushoto, na siku niliposhika bunduki ya mashoto mara ya kwanza nilikuwa na miaka 38, nikaona haya kwa jinsi nilivyofurahi. Kwa hiyo mtu akisema anataka kitu kirudi kwenye asili yake, simcheki. Najua maana ya kitu kuondolewa na watu wakakwambia hivyo ndivyo sahihi.

Ila mkono wangu kurudi kushoto haukumtishia mtu. Kikombe kikivunjika, nimevunja mimi. Triga hii ikirudi, anayeilipia si yule anayeikumbuka. Na halafu, hivi asili tunayoizungumza ni ya nani? Binti anasema bunduki ya baba. Baba aliinunua na triga ya kiwandani, lakini akaitoa, akawinda na nyingine mpaka mwisho wa maisha yake. Ukiirudisha unapata bunduki ya kiwanda. Ya mzee ni hii aliyoiacha. Labda aliposikia habari za kesi aliogopa, labda alitaka tu triga nyepesi zaidi. Hakuandika popote. Aliihifadhi kwenye kitambaa cha mafuta, na hilo nalo lina uzito: kitu unachokiogopa kabisa si unakitupa?

Kesho yake nikamwambia yote. Alisikiliza vizuri, kisha akanijibu vizuri kuliko nilivyotarajia. Baba aliitumia miaka 15 na hakuna aliyeumia. Nikasema huenda ni kwa sababu mzee kila mara alielekeza mtutu chini. "Basi mwanangu nitamfundisha vivyo hivyo," akasema. "Hata triga hii unayoipenda wewe inaweza kuharibika, au sivyo?"

Inaweza. Hapo sikuwa na jibu la maana. Ni kweli hakuna chuma kisichochakaa, na ndiyo sababu kanuni ya kwanza inahusu mtutu. Nilichoweza kusema ni kwamba kanuni ya mtutu ipo kwa siku chuma kitakapokosea, na chuma kizuri kipo kwa siku mtu atakapokosea. Mtoto wa miaka 14 atakosea. Kumpa chuma ambacho kimeshatiliwa shaka mahakamani ni kumtegemea yeye peke yake asisahau, hata siku amechoka, ameloa, vidole vimekufa ganzi.

Nikampa njia nyingine: niirudishe triga ya kwenye kopo, bunduki itundikwe ukutani, komeo libaki kwangu. Bila komeo hailii. Akacheka bila furaha. "Ukutani nitamfundishia nini?"

Nikamwambia basi, mimi sitaifunga ili itumike. Yupo fundi mwingine kilomita 30 kutoka hapa atakayeifunga bila kuuliza, na jina lake nilimtajia, kwa sababu kumficha ningekuwa kama bibi na ile kanga yake. Sijui kama nilifanya vema kumtaja. Mke wangu anasema hapana.

Alilipa gharama ya kusafisha, akachukua bunduki ikiwa na triga aliyoiacha baba yake. Kopo akalisahau mezani, au hakulisahau. Wiki ya tatu sasa liko kwenye rafu, karibu na redio, na msimu unaanza Jumamosi.